Gari Lililokunywa Jicho

Tulipomzika Senje Roselida mwezi uliopita, watu wa Bondeni walikuja kwa wingi kuliko nilivyotarajia. Baada ya kaburi kufunikwa waliketi chini ya hema, wakala wali na nyama, wakaanza kucheka. Sina ubaya na kicheko cha matangani. Bila hicho waliobaki wangeumia mara mbili. Lakini walichokuwa wakikichekea ni lile gari. Mmoja alisema pikapu ya mumewe, Wanjala, ilipokuwa ikiingia kituo cha petroli, wafanyakazi walisimama wima kwa heshima. Mwingine akasema Wanjala alikuwa akinunua petroli ya kumfikisha mahali pa kununua petroli. Kisha mama mmoja niliyekuwa jirani yake zamani akanishika mkono, machozi ya kicheko yakimtoka, akaniomba nisimulie vile gari lilivyokuwa likinywa, maana mimi ndiye niliyekuwa nikilikalia. Mimi ni mwanamke wa kanisa, nina mjukuu, na nilitaka kumpiga mama yule kwa sahani ya wali mbele ya mchungaji. Nilitoka nje ya hema nikasimama kando ya choo mpaka kicheko kikaisha. Sura hii nimeiandika kwa sababu ya kicheko kile. Mambo ya ukoo wangu na shule nilizosoma yana mahali pake. Hapa nataka mwaka mmoja tu, ule niliokaa katikati ya Senje na mume wake kwenye kiti cha mbele.

Nilifika Bondeni, mtaa wa Nakuru, nikiwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, nimetumwa nimsaidie Senje, yaani dada ya baba yangu, kazi ya kununua na kuuza mboga. Waliishi katika zile nyumba za zamani za kanjo, yaani za baraza la mji, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua, kochi upande huu, kitanda upande ule, na jiko la mafuta ya taa kwenye kona. Dirisha lilikuwa moja. Gari likiwa nyumbani liliegeshwa ubavu kwa ukuta, kwa sababu Anko Wanjala hakutaka liwe mbali na sikio lake, na ubavu wake ulikuwa mrefu hivi kwamba uliziba dirisha lote. Tulikula chakula cha mchana kwa mwanga wa balbu. Ugali ulinukia petroli, sukuma wiki ilinukia petroli, hata Biblia ya Senje juu ya kabati ilikuwa na harufu hiyo ukifungua Zaburi. Wageni waliokuja mara ya kwanza walinusanusa hewa kisha wakatazamana. Sisi baada ya wiki chache hatukuinusa tena, na nadhani hata kipigo cha Anko tulikizoea kwa njia hiyohiyo.

Lazima nieleze habari ya jicho, la sivyo hakuna litakaloeleweka. Anko Wanjala alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, mtu wa kusaga vyuma, na siku moja kipande cha chuma kiliruka kikamtoa jicho la kushoto. Kiwanda kilimlipa fidia kikampa mkono wa kwaheri. Kwa fidia hiyo alienda kwenye mnada wa kampuni fulani ya kujenga barabara iliyokuwa ikifunga kambi, akanunua pikapu ya Kimarekani, kubwa, ya magurudumu sita, usukani upande wa kushoto, injini ya silinda nane, ya petroli. Kila mtu mwenye akili alimwambia atafute ya dizeli. Yeye aliona ule mdomo mpana wa mbele, akaona vile vijana walivyolizunguka wakilipapasa, akalipenda kama mtu anavyopenda mke wa pili. Aliliendesha kutoka mnadani kuelekea Nakuru akifurahi, na likamzimikia kabla ya kufika kwa sababu tangi lilikuwa limekauka. Siku hiyo ndipo alipojua amenunua nini. Kuliuza hakukuwezekana, maana habari zake zilikuwa zimetangulia kila mahali. Ikabaki kulifanyisha kazi, kubeba kabichi na karoti kutoka mashamba ya Bahati hadi sokoni mjini, na siku za mishahara kushuka na mboga hadi Kamere, kule ziwani Naivasha, tuwauzie wafanyakazi wa mashamba ya maua na kurudi na samaki.

Siku ya mnada aliendesha bila leseni, lakini kazi ya kila siku ilitaka leseni, na kwa jicho moja asingepewa, kwa hiyo dereva alikuwa Senje. Alikuwa ameendesha trekta kwenye shamba la maua huko Kamere kabla ya kuolewa, na mikono yake ilijua kazi. Anko alikaa upande wa kulia, kwenye mlango unaotazama katikati ya barabara. Gari la usukani wa kushoto kwenye barabara zetu halioni mbele likitaka kulipita jingine, ni lazima abiria achungulie amwambie dereva, "Twende," au "Ngoja." Kwa hiyo Senje alikuwa akiendesha kwa mikono yake na jicho la mume wake. Mimi nilikaa katikati, magoti yangu yakigusa gia. Kwa vile jicho bovu la Anko lilikuwa la kushoto, upande wetu, hakutuona mpaka ageuze kichwa kizima. Nilijifunza kukisikiliza kichwa hicho kikigeuka. Wazee wetu husema fahali wawili wakipigana nyasi ndizo huumia, lakini msemo huo haukutufaa, kwa sababu mle ndani fahali alikuwa mmoja.

Geji ya mafuta ilikuwa imekufa kabla ya mnada. Anko alipima tangi kwa waya mnene wa stima, asubuhi na jioni: anauingiza, anautoa, anautazama ulipolowa, anaunusa, kisha anaupangusa kwa kitambaa ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Sikuwahi kumwona akisali kwa makini kama alivyopima. Sauti ya waya ule ukikwaruza mdomo wa tangi ilinyamazisha chumba kizima. Senje aliacha kukoroga alichokuwa akikoroga. Anko akiingia kimya, tulipumua. Akiingia akisema, "Mama Simiyu, kuja hapa," Senje alinisukuma upande wa pili wa pazia kwanza, kisha akaenda. Simiyu alikuwa mtoto wao, analelewa na nyanya yake nyumbani, na nilimshukuru Mungu kwamba hakuwa pale. Nilisikia kofi, kisha swali. Daima ilikuwa kofi kwanza na swali baadaye. Umekanyaga wapi? Ulikuwa unakimbiza nani? Na sauti ya Senje ikijibu kwa upole kwamba mzigo ulikuwa mzito, kwamba kulikuwa na mlima.

Mlima ndio uliokuwa kosa lake kubwa. Bonde letu watu huliita bonde, lakini mtu akiishi na injini ya silinda nane hugundua kwamba ni milima mitupu. Kutoka mjini kwenda Bahati ni kupanda. Kwenda Naivasha kuna kupanda kuelekea Gilgil. Senje akishusha gia na kukanyaga ili kabichi zisiturudishe nyuma, injini ilinguruma, na Anko alisikia kila tone likipita. Mwanzo alikuwa akigonga dashibodi kwa ngumi. Baadaye aliacha dashibodi akampiga Senje begani, juu ya kichwa changu, mkono wake ukinipitia usoni. Nilijifunza kuinama kabla hatujafika mlimani. Mara ya kwanza niliyokosa kuinama nilipasuka mdomo, na Anko mwenyewe akanipa leso yake nijifute, akaniambia, "Pole, Nelima. Haikuwa yako." Aliisema kwa huruma ya kweli. Senje hakuondoa macho barabarani. Angeyaondoa tungekufa sote, na mume wake alilijua hilo, ndiyo maana alimpigia hapo.

Nitampa haki yake, kwa maana nimechoka na hadithi za watu wabaya tangu asubuhi hadi jioni. Jumapili aliosha gari akiimba nyimbo za kwao, na sauti yake ilikuwa nzuri. Siku biashara ilipokwenda vizuri alileta maini, akayakaanga mwenyewe kwa kitunguu kingi, akampa Senje vipande laini. Wakati mmoja tulipokuwa tukila aliweka kijiko chini akasema maneno ambayo sijayasahau. "Mnajua hii gari inakunywa nini? Inakunywa jicho yangu. Kila siku naitolea kidogo, inamaliza. Siku moja itaniuliza, hiyo ingine iko wapi?" Kisha akafunika jicho lililobaki kwa kiganja, akakaa hivyo mbele yetu, ugali ukipoa. Senje alimwekea mkono mgongoni. Nilimwonea huruma wakati ule, na jioni ile alipotoka kupima tangi na kurudi, alimpiga Senje kwa mkono wa jeki kwenye mapaja. Sijawahi kuweza kuyatenganisha hayo mawili.

Majirani walikuwa upande wa pili wa ukuta mwembamba na walisikia kila kitu. Mimi nami niliwasikia wao. Mama mmoja, huyohuyo aliyecheka matangani, alimwambia mumewe kwamba Roselida naye anajua kukanyaga mafuta, si apunguze tu mguu? Mume akajibu kwamba mambo ya watu wawili ni ya watu wawili, funika kombe mwanaharamu apite. Wakahamia kuzungumza juu ya bei ya unga. Nilikuwa nikipepeta mchele wakati huo, na niliupepeta mpaka nusu yake ikaanguka sakafuni. Nilikuwa na hasira na Anko, lakini hasira niliyokuwa nayo juu ya ukuta ule na watu waliokuwa nyuma yake ilikuwa kubwa zaidi, na bado ninayo.

Kulikuwa na Odera, fundi wa baiskeli aliyekuwa na pikipiki kuukuu, nyumba chache kutoka kwetu. Mtu mpole, mwenye familia, aliyezoea kumtania Anko kwamba akichoka kulinywesha lile gari alikodishe kwa kampuni ya bia. Asubuhi moja waya ulitoka ukiwa umelowa kidogo kuliko Anko alivyotaka, na akaamua kwamba kuna mtu anafyonza mafuta kwa mpira. Pikipiki ya Odera ilikuwa imewaka asubuhi hiyo, ushahidi ukawa umetimia. Alimfuata kibandani kwake mchana, watu wakipita, akamvunja mfupa wa bega kwa mkono wa jeki bila kumsalimia. Odera alianguka kati ya rimu za baiskeli. Anko aliendelea kumpiga mgongoni, akipumua kwa nguvu, na waliokuwa karibu walisimama wakisubiri kujua kama ni mwizi. Neno mwizi lilikuwa likielea hewani, na Bondeni neno hilo likitua juu ya mtu huwa hanusuriki. Senje ndiye aliyekimbia akamlalia Odera mwilini. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Hajaiba. Hakuna mwenye ameiba. Ni gari imekunywa." Watu walitawanyika polepole. Wengine walitoka wakicheka, na hapo ndipo vichekesho vya gari vilipoenea, juu ya damu ya Odera. Adhabu ya Senje kwa kumwaibisha mume wake ilifika jioni, na baada yake hakuweza kufunga vifungo vya blauzi kwa wiki nzima, nilimfungia mimi.

Baada ya hapo Anko akaleta sheria ya kuteremka. Madereva wengi wa huku hufanya hivyo, huiita kuweka frii: ukifika juu ya mteremko unaondoa gia, gari linajishukia lenyewe. Wengine huzima injini kabisa ili kuokoa petroli. Kwa gari dogo lisilo na mzigo ni uchokozi tu. Kwa gari zito lililojaa kabichi ni kumtukana Mungu, kwa sababu injini ikizimika breki zinakuwa ngumu, unakanyaga mara mbili tatu kisha mguu unakutana na kitu kama ukuta, na usukani nao unakuwa mzito. Senje alimweleza hayo. Alimweleza kwa adabu, mezani, akimmiminia chai. Anko akasema petroli ya kupanda Bahati lazima irudishwe wakati wa kushuka. Kwa vile hakumwamini atazima, alizima mwenyewe. Tukifika pale juu, mkono wake ulinipita kifuani, ukageuza ufunguo, injini ikanyamaza. Tulishuka tukisikia upepo tu na kabichi zikigongana nyuma. Senje alilishika gari kwa mikono miwili, mishipa ya shingo imemtoka, midomo ikienda. Nilidhani anasali, mpaka nikasikia kwamba alikuwa akitaja jina la Simiyu.

Tuliteremka hivyo kwa miezi. Tuliponea chupuchupu kugonga ng'ombe, tuliponea basi la shule lililosimama ghafla, tukaponea mwanamke mwenye mzigo wa kuni ambaye alituangalia usoni tulipompita, na uso wake bado ninao. Senje alianza kukonda. Siku moja tukifua nguo nyuma ya nyumba alinieleza alilokuwa akilifikiria. Hakuogopa tena kupigwa. Aliogopa kwamba siku moja ataua mtoto wa mtu, na ataulizwa yeye, kwa sababu usukani uko mikononi mwake. Alitaka kuondoka. Alikuwa na rafiki Kamere aliyekuwa tayari kumpa mahali. Lakini mahari yake ilikuwa imepokelewa na kaka yake, yaani baba yangu, na mwanamke wa kwetu hawezi kujiondokea. Waume huja na wazee, wanakaa na kaka za mke, na kaka wakisema rudi, unarudi. "Baba yako atasema nirudi," aliniambia. "Namjua. Ni mtu ya amani." Nilikamua shuka upande mmoja naye akakamua upande wa pili.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha Bahati na tulikuwa tumejaza kupita kiasi. Anko alikuwa na hasira tangu asubuhi kwa sababu kituo cha petroli kilikuwa kimemkatalia alipoomba kukopeshwa. Tulipofika juu ya mteremko alizima injini kama kawaida. Mbele yetu, kwenye kona, nilimwona mzee akivusha kondoo. Senje naye aliwaona. Akageuza ufunguo akaiwasha injini, akakanyaga breki ikashika, kondoo wakavuka. Anko aligeuza kichwa kizima. Alinyoosha mkono, akazima tena, na safari hii akauchomoa ufunguo kabisa akaufumbata mkononi.

"Utawasha na nini sasa?" alimwuliza.

Sijui kama alijua. Magari yakichomolewa ufunguo usukani hujifunga. Senje alijaribu kuufuata mkunjo wa kona na usukani ukakataa, nikaona mabega yake yakivuta chuma kisichosogea. Alisema, "Baba Simiyu, rudisha." Nilimrukia Anko. Niliuma ile ngumi iliyoshika ufunguo, niliuma mpaka nikasikia ngozi ikiachia, na nilitaka kuitoa nyama. Alinipiga sikioni kwa mkono mwingine. Haikuwa ngumi ya Senje iliyonipitia, ilikuwa yangu, na ilikuwa ya mtu mzima anayempiga adui. Dunia upande wa kulia ilizimika, ikabaki mlio mwembamba. Ufunguo ulianguka miguuni. Gari liliacha lami, likakata uzio wa seng'enge, likaingia shamba la mahindi likiyalaza, na likagonga mkaratusi kwa upande wa Anko.

Nilipofungua macho tulikuwa tumeinama upande, vioo mapajani, na kabichi zilikuwa zikiendelea kubingirika shambani. Senje alikuwa akitoka damu puani lakini alikuwa mzima. Mlango wa kulia ulikuwa umeingia ndani ukabana mguu wa Anko. Petroli ilikuwa ikimwagika chini yetu. Watu walitoka mashambani na barabarani wakikimbia, na nilifikiri wanakuja kutusaidia, mpaka nikaona mitungi. Walikuja na mitungi ya plastiki, sufuria, hata beseni la kuogeshea mtoto. Anko aliwaona kupitia kioo kilichovunjika. Mguu wake ulikuwa umepinda mahali pasipo na goti, na alichokitazama ni mitungi. "Mama Simiyu," alisema, "waambie wasichote." Senje alikuwa ameshanivuta nje. Mwanamume mmoja mwenye mtungi alisimama mbele yake, kwa aibu kidogo, akauliza, "Mathe, tuchote?" Senje alipangusa damu mdomoni kwa mkono wa sweta.

"Choteni yote," alisema. "Msiache."

Kisha, wakati wao wakichota, alirudi ndani ya gari lile lililolowa petroli, ambalo mtu mmoja mwenye sigara angetosha kulilipua. Alisukuma mlango kwa mgongo, akamshika mume wake makwapani, nami nikashika kiuno, tukamtoa akipiga mayowe. Tulimlaza kwenye mahindi mbali na mafuta. Nimewahi kuulizwa na watoto wangu kwa nini hakumwacha. Nami nilimwuliza Senje, miaka baadaye, akajibu kwamba hakutaka kuwa mjane wa gari. Lori la maziwa lilisimama, wanaume wakampakia kumpeleka hospitali, wakamwambia Senje apande akae naye. Hakupanda. Alitafuta kiatu changu kilichopotea kwenye mahindi, akanivisha, tukatembea. Kesho yake tulikuwa Kamere kwa rafiki yake, chumba cha mabati chenye harufu ya samaki, na ilikuwa mara yangu ya kwanza katika mwaka ule kula chakula kisichonukia petroli. Habari ya sikio langu sikumwambia mtu. Nilidhani litafunguka, na Senje alikuwa na mambo yake ya kutosha.

Walikuja Jumapili moja baada ya ibada, kama alivyotabiri. Anko kwa magongo, amekonda, mkono wake una kovu la meno yangu. Mzee Khaemba wa ukoo wake, mstaafu wa reli. Wazee wengine wawili. Na baba yangu, aliyesafiri kutoka nyumbani kwa koti lake la kanisa, akanisalimia kwa kunishika mikono yote miwili akaketi kando yangu kwenye benchi, kulia. Senje aligawa chai. Mzee Khaemba alifungua kikao kwa sala, akasema mvumilivu hula mbivu. Senje akajibu kwa upole kwamba mbivu zote alizila Baba Simiyu. Wazee wakacheka kidogo. Anko alipopewa nafasi hakusema habari ya ngumi. Alieleza habari ya petroli. Alieleza kila mlima. Na hao wazee, Mungu awarehemu wale waliokwisha kwenda, waliingia kwenye petroli naye. Mmoja alisema tatizo ni kabureta. Mzee Khaemba akasema plagi, yeye ameona injini nyingi. Wakabishana kama gari lingeweza kufungwa injini ya dizeli, na baba yangu akauliza swali juu ya gia. Senje alisimama na birika mkononi akiwasikiliza wanaume wakitengeneza gari lililokwisha kuwa chuma chakavu.

Hatimaye Mzee Khaemba akasema yaliyopita si ndwele, mama arudi nyumbani amuuguze mume wake, na kama kuna mwenye neno, msichana alikuwa ndani ya gari, aseme. Wote wakanitazama. Mimi nilimtazama Mzee Khaemba nikitafuta pa kuanzia. Ndipo nikaona Senje akinikodolea macho, na wazee nao wakinitazama kwa mshangao, na sikujua kwa nini. Senje aliniambia baadaye. Baba alikuwa ameniinamia, amesema kwa lugha yetu, "Sema ilikuwa ajali, mwanangu, twende nyumbani." Alikuwa ameyasema mara mbili, ya pili kwa mnong'ono uliomfikia hata Senje, na mimi nilikuwa nimekaa nikiangalia mbele kana kwamba hayupo. Aliponigusa bega niliruka nikamwaga chai. Nikageuza kichwa kizima kumtazama.

"Hunisikii?" aliuliza. Alinong'ona, nami niliona midomo tu.

"Upande huo sisikii, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu Bahati."

Anko akasema haraka kwamba hiyo ni ajali, wote waliumia. Senje aliweka birika chini. "Ajali ilikuja nyuma," alisema. "Ya kwanza ilikuwa ngumi."

Baba alinyanyuka, nami nikadhani atampiga, na ninakiri nilitamani. Hakumpiga. Alipita mbele ya magoti ya wazee, akazunguka meza, akaja akaketi upande wangu wa kushoto, akaniuliza kwa sauti ya chini kama hapo namsikia. Nikamwambia namsikia. "Basi niambie yote," alisema. Nilimwambia yote. Nilianza na kofi la nyuma ya pazia nikaenda mpaka kwenye mahindi, nikamtaja Odera na bega lake, nikamtaja mwanamke wa kuni. Hakuna mzee aliyetaja kabureta. Nilipomaliza, Baba alimwambia Mzee Khaemba kwamba ng'ombe wa mahari wako zizini kwake, waje wawachukue siku wanayotaka, kwa sababu dada yake haondoki hapo. Akamgeukia Wanjala. "Na wewe ondoka," alisema, "kabla sijasahau mimi ni mzee wa kanisa."

Wazee walitoka mmoja mmoja, kofia mikononi. Anko alichelewa kwa ajili ya magongo. Mlangoni alisimama, akageuza kichwa chote mpaka jicho lake likampata mke wake. Senje alikuwa akimmiminia kaka yake chai, na hakuinua uso.